Jina la Namba Arobaini

Fundi makochi yule, watu wa rika lake walimwita Sindano, na wala si kwa sababu ya sindano kubwa anayoshonea viti. Jina hilo alilipata enzi za madisko ya mchana, Jumapili kuanzia saa nane, alipokuwa akipiga santuri katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la rangi. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Aliitua sindano ya gramafoni pale pale ngoma inapoingia, na mchezaji asijue wimbo mmoja umeisha lini na mwingine umeanza lini. Kwa ufundi nampa heko. Kwa roho, alikuwa mkono wa birika.

Nikisema hivyo sizungumzii mfuko wake. Sindano alikuwa mchoyo wa majina. Kila santuri mpya ilipomfikia, kitu cha kwanza alichofanya ni kupika gundi ya unga, kubandika karatasi ya kaki juu ya lebo ya katikati, na kuandika namba. Ukimuuliza, "Kaka, huu unaitwaje?" alikujibu, "Kumi na mbili," kisha akakupa kisogo. Hakutaka mpiga santuri mwingine azijue nyimbo zake, akazitafute, akazipige kwenye ukumbi wake. Na hakuwa peke yake katika wazimu huo, wenzake wengi walifanya vivyo hivyo. Yeye alizidisha tu.

Iliyowatia watu kiherehere kuliko zote ilikuwa namba arobaini. Ilikuwa ya muziki wa hausi wa mwanzo mwanzo, ya wakati ule mashine za ngoma zilipoanza kuwapokonya wapiga ngoma kazi. Ilianza na mdundo mtupu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Besi ikafuata, kisha kinanda, halafu sauti ya mwanamke isiyosema neno lolote, ikipanda tu, ikipanda, mpaka ukumbi mzima ukanyoosha mikono juu. Ndiyo ilikuwa ya kufungia kila Jumapili. Na aliyeicheza mpaka mwisho alikuwa dada yake Sindano, wa kuzaliwa tumbo moja, opereta wa simu wa hospitali, aliyekuwa akibadili viatu ngazini na kuingia na raba zake nyekundu.

Sasa dada huyo alikuwa mstaafu, na Jumatano moja alifika kwenye karakana ya mdogo wake, akakaa juu ya kochi lililokuwa bado spring tupu.

"Njoo upande huu," akasema, akigusa sikio la kushoto. La kulia lilikufa utotoni, kwa homa. "Daktari ameshapanga. Ni Jumanne. Kivimbe cha humu ndani hakiwezi kuachwa, na kikitoka kinaondoka na sikio."

Sindano aliweka nyundo chini. "Lote?"

"Lote. Usinitazame hivyo, mdogo wangu, nimeshalia nyumbani na nimemaliza. Nimekuja na ombi. Jumapili mchana nipigie nyimbo zetu, za disko, za fanki, zote. Na mwishoni nipigie ule wetu wa mwisho. Nataka niingie chumba cha upasuaji nao kichwani."

"Usijali, dada. Upo."

Aliyasema hayo bila kupepesa macho, na ulikuwa uongo mtupu. Mwaka uliopita rafu ya karakana ilianguka, na katika santuri zote mia tatu, iliyopasuka ilikuwa namba arobaini. Ufa ulitoka ukingoni mpaka katikati. Ukiiweka, sindano iliruka kila mzunguko na wimbo ukawa kama mtu mwenye kwikwi. Hakumwambia yeyote, maana angeanzia wapi?

Kesho yake alimwita binti wa dada yake, ambaye vidole vyake kwenye simu havina mpinzani, akamweleza siri ya ufa. Binti hakushtuka.

"Mjomba, hilo dogo. Nipe jina tu, dakika mbili nimeshaupata."

Sindano akachukua kitambaa chenye maji, akalowesha ile karatasi ya kaki mpaka ikalainika, akaibandua taratibu. Chini yake palikuwa na lebo nyeupe. Nyeupe pe, upande huu na upande ule, bila hata herufi moja.

"Ilikuja hivi hivi," alisema, akiwa ameinamisha kichwa. "Ndani ya boksi la santuri nyingine. Zile za kwanza kwanza nyingine zilitoka kiwandani bila kuandikwa kitu."

"Kwa hiyo ulikuwa unaficha nini?"

Mjomba aliikunjakunja ile karatasi ya kaki. Alikuwa ameficha jina asilokuwa nalo, akalilinda miaka zaidi ya thelathini, akajipatia sifa na maadui kwa ajili yake. Binti aliiweka simu karibu na spika, santuri ikapiga kwikwi zake, simu ikafikiri na kufikiri, ikaandika kwamba haikupata kitu. Sindano akajaribu kuuimba kwa mdomo. Simu ikamletea tangazo la dawa ya kikohozi.

"Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao?" binti akauliza.

Alikuwepo mmoja. Na ndiye mtu ambaye Sindano angependa kukutana naye pale tu ambapo mmoja wao angekuwa amefumba macho milele.

Kapteni alikuwa akipiga santuri ukumbi wa jirani, kofia ya unahodha kichwani, bingwa wa fanki za umeme, zile za besi zinazokoroma. Alimbembeleza Sindano miezi mingi ampe jina la namba arobaini. Aliposhindwa, Jumapili moja aliingia ukumbini na kinasa sauti ndani ya begi, akakaa karibu na spika, akarekodi. Sindano akaliona begi. Aliruka kutoka jukwaani wimbo ukiendelea, akaitoa kaseti, na mbele ya watu wote akauvuta utepe wake ukamwagika sakafuni, huku akicheka. Kapteni alipiga magoti akauokota, mita kwa mita, miguuni mwa watu. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu.

Sindano alijua yule hakuokota utepe ule ili akautupe.

Jumamosi asubuhi akapiga moyo konde, akaenda. Kapteni siku hizi ni fundi friji, ana kibanda nyuma ya soko. Njiani Sindano alitunga jina. Alijua mzee mwenzake lazima atadai jina kwanza, na jina la kutunga lingetosha, nani angemkamata? Alichagua maneno mawili matatu ya kizungu yenye kupendeza, akayarudia mpaka yakakaa ulimini.

Kapteni alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji. Alipomwona mgeni hakusimama.

"Umepotea njia," alisema.

"Sijapotea. Ile kaseti unayo?"

"Umekuja kuumalizia utepe?"

Sindano akamweleza habari za dada yake, kivimbe, na Jumanne. Kapteni akasimama taratibu, akifuta mikono kwa tambara, na uso wake ukabadilika. Lakini miaka zaidi ya thelathini ni mingi.

"Ninayo," alisema. "Nilikaa nayo wiki nzima, nikiuzungusha utepe kwa penseli. Palipokatika niliunga kwa gundi ya karatasi. Nitakupa, kwa ajili ya dada yako. Ila kwanza jina. Nimewauliza watu wangapi! Nimesikiliza nyimbo mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto. Niambie jina, basi yaishe."

Hapo ndipo lile jina la kutunga lilipomfika Sindano kooni. Lingemwokoa. Angeondoka na kaseti na heshima yake yote. Akamtazama Kapteni, mzee mwenye mvi na magoti yanayolia, anayengoja kama mtoto anayengoja kufunguliwa zawadi, na akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Akaichomoa santuri kwenye mfuko, akamkabidhi.

Kapteni akaigeuza huku. Akaigeuza kule. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hauna jina," Sindano akasema. "Sikuwahi kuwa nalo. Nisamehe. Ile siku ya utepe, nisamehe hiyo zaidi."

Friji zilinguruma pande zote. Kapteni hakucheka, na hakutukana, ingawa haki ya kutukana alikuwa nayo. Aliingia ndani, akarudi na kaseti ndani ya kasha lililopauka. Juu ya kasha, kwa kalamu ya wino wa bluu, palikuwa pameandikwa: Raba Nyekundu.

"Ilikuwa lazima niuite kitu," alisema, akitazama pembeni. "Na wewe usimwambie dada yako nimeandika hivyo. Mimi ni mtu mzima."

Sindano akaitia kaseti mfukoni. Kumbe yule bwana hakuwa akija kusikiliza wimbo peke yake.

Jumapili saa nane karakana ilikuwa imefagiliwa, makochi yaliyokuwa yakisubiri vitambaa yamepangwa ukutani, na dada amekaa mbele, kiganja juu ya spika. Kapteni alifika na santuri zake kumi chini ya kwapa. Na Sindano akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Kabla ya kuweka kila santuri aliisugua kwa sifongo yenye maji, akabandua kaki, akasoma jina kwa sauti, na binti akaliandika kwenye daftari. Zilianza za disko, zile za fidla na makofi. Zikafuata fanki za umeme, na Kapteni akaweka moja ambayo besi yake iliitikisa misumari ndani ya makopo. Dada alizipokea kwa mabega, huku akisema, "Ongeza! Ongeza, bado naisikia kama iko mitaa miwili kutoka hapa!"

Ilipofika namba kumi na tisa, Kapteni aliisoma lebo mara mbili.

"Wewe! Hii ninayo nyumbani!"

"Wimbo uko upande wa pili," Sindano akasema.

"Sijawahi kuigeuza!" Akakaa chini, ameshika kichwa, na wote wakacheka mpaka binti akashindwa kuandika.

Kisha Sindano alimsogelea dada yake upande wa kushoto, akamwambia yote: ufa, lebo nyeupe, na wimbo usio na jina. Dada alimkodolea macho.

"Miaka yote hiyo," alisema, "ulituringia karatasi tupu?"

"Ndiyo, dada."

"Na ukamdhalilisha mwenzio?"

"Ndiyo."

"Mjinga wewe," dada akasema, na kicheko kikampanda, halafu machozi, kisha akamshika mkono. "Haya, weka hiyo kaseti."

Ilianza na mvumo, kisha mdundo ule usio na haraka. Chini ya muziki zilisikika nyayo juu ya mbao, makumi ya nyayo, na mtu akipiga mbinja. Besi ikaingia. Kinanda kikaingia. Na karibu kabisa na begi la Kapteni, msichana akapiga kelele: "Sindano, leo usizime! Usizime!"

"Huyo ni mimi," dada akasema polepole. Alikuwa amesimama. "Jamani, huyo ni mimi."

Palipounganishwa wimbo uliruka kidogo, ukarudi. Ile sauti ya mwanamke ikaanza kupanda, ikapanda, na kabla haijafika juu kabisa, kaseti ikatoa mkwaruzo mmoja mkali na kunyamaza. Ndipo mkono wa Sindano ulipofika, siku ile. Yaliyobaki, dakika ile tamu kuliko zote, alikuwa ameyakata mwenyewe, kwa ajili ya jina lisilokuwepo. Alitazama sakafu. Hapakuwa na santuri nyingine ya kumsaidia.

Dada hakungoja msaada wa mtu. Alifumba macho, akaidaka ile sauti pale pale ilipokatikia, akaendelea nayo kwa koo lake mwenyewe. Sauti ilikuwa ya kizee, ilikwaruza, na ilipanda. Kapteni alianza kupiga mdundo kwa kiatu. Sindano akapiga besi kwa ngumi juu ya ubavu wa kochi. Waliumaliza wimbo hivyo, wote watatu, na dada alikuwa ameziba lile sikio lake la kushoto kwa kiganja, kama waimbaji wafanyavyo, apate kuisikia vizuri sauti yake.

Upasuaji ulikwenda salama. Alhamisi, saa za kuona wagonjwa, Sindano alimkuta ameegemea mito, kichwa kimefungwa bendeji, akiwatazama watu wakifungua na kufumba midomo. Alimsalimia, kisha akakumbuka, akanyamaza. Akaitoa santuri iliyopasuka, akaiweka juu ya shuka. Kwenye ile lebo nyeupe palikuwa na maneno mawili ya wino wa bluu. Mwandiko haukuwa wa Sindano. Alikuwa amepita kwanza kibandani kwa fundi friji, akamlazimisha ashike kalamu.

Dada alisoma. Akayagusa maneno kwa kidole, akamtazama mdogo wake, akatazama mlangoni, ambako Kapteni alikuwa amejibanza akijifanya anasoma tangazo la kunawa mikono.

Kisha chini ya shuka, upande wa miguu, kitu kikaanza kusogea: kushoto, kulia, kushoto, bila haraka, kama mtu anayebisha hodi. Sindano aliitazama ile shuka, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza wimbo ule unaitwaje.