Paswadi Moja ya Wakubwa Watatu

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Nalisema hilo mapema kwa sababu Jumamosi ile, kule Theta, nililia kwenye maikrofoni mbele ya watu mia nne, na wengine wao walinirekodi kwa simu.

Naitwa Shiko. Naishi Ruiru, lakini kazi yangu iko Thika mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa za mifugo. Hiyo ndiyo ofisi ya kampuni ya watu walioungana miaka ya sabini wakanunua shamba kubwa la mkonge huko Theta. Wanachama ni elfu moja na mia mbili, na wengi sasa ni wazee au wajane. Hati za ardhi bado hazijatoka. Kinachosema nani ana ploti gani ni daftari la kampuni, na daftari hilo siku hizi liko ndani ya seva ninayoichunga mimi.

Zamani lilikuwa la karatasi. Lilikaa kwenye sefu ya chuma yenye kufuli tatu. Mwenyekiti, Mzee Kaleli, alikuwa na ufunguo mmoja. Katibu, Bwana Githae, alikuwa na wa pili, na mweka hazina, Mama Selpha, alikuwa na wa tatu. Sefu haikufunguliwa mpaka wote watatu wawepo. Mmoja akiwa na harusi Kitui, wanachama walirudishwa nyumbani waje siku nyingine. Watu walinung'unika sana, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna ploti iliyohamia jina la mtu mwingine kwa siri. Mimi jambo hilo sikulitia maanani. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na diploma mpya, nikaona kufuli tatu ni ushamba mtupu.

Kuingiza majina yote kwenye kompyuta kulichukua miezi minane. Tulipomaliza, wanachama wakasema madaftari ya zamani yachomwe, asije mtu akayarudia na kalamu ya kufutia akaleta ugomvi. Yakachomwa hadharani, pasta akaomba, akina mama wakaimba, kisha tukala mukimo na nyama. Nami nilipiga makofi kama kila mtu.

Wiki hiyohiyo wakubwa watatu wakaingia ofisini kwangu.

"Haya Shiko, na sisi funguo zetu ziko wapi?" akauliza Mzee Kaleli.

Nikawaeleza vizuri tu. Kila mmoja atakuwa na akaunti yake, jina lake na paswadi yake. Seva itaandika nani aliingia na aligusa nini. Na mtu akibadilisha ploti, mabadiliko hayapiti mpaka wale wengine wawili wakubali.

Mzee Kaleli akakunja uso. "Hiyo maneno ni mingi sana. Mimi nilikuwa na ufunguo ya kufungua. Sasa unataka nibishe kama mgeni?"

"Tupewe ufunguo ile kubwa, sote sawa," akasema Bwana Githae. "Hapa hakuna mdogo. Ama ni wewe unataka kubaki nayo pekee yako?"

Hayo ya mwisho yalinichoma. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na kodi ya Ruiru hainingoji. Basi nikaandika paswadi ya Administrator, ile akaunti inayotawala seva nzima, kwenye vikaratasi vitatu, nikavitia katika bahasha tatu, nikampa kila mmoja yake. Wakanishika mkono. Mama Selpha aliiweka ya kwake ndani ya Biblia.

Mjinga alikuwa mimi. Kitu kilichohitaji watu watatu sasa kilifunguliwa na yeyote kati yao, peke yake, saa yoyote, na seva haingejua lolote ila kwamba Administrator alikuja. Na si kwamba sikujua. Ni somo la muhula wa kwanza kabisa. Nilijiambia nitalirekebisha baada ya kuthibitishwa kazini. Halafu nikasema baada ya mkutano mkuu. Halafu nikazoea.

Kazi nyingine zote nilizifanya, tena kwa majivuno. Kila Jumatano niliweka sasisho kwenye kompyuta tisa za ofisi na kwenye seva. Nilizuia flashi za mtaani zenye virusi. Niliwafundisha makarani wasifungue barua pepe za kuwaambia wameshinda gari. Nikiwa Ruiru na wenzangu niliwatambia kwamba mwizi wa kompyuta, atoke nchi yoyote anayotaka, kwetu hapiti. Haikunijia akilini kwamba nalinda mlango wa nje tu.

Jumanne moja ya Septemba, mwanamke wa miaka sabini na mitatu akapanda ngazi zetu polepole, akisimama kila ghorofa kuvuta pumzi. Alikuwa Mukonyo, mjane wa Kyengo, mwanachama wa tangu mwanzo. Jumamosi hiyo afisa wa ardhi angekuja Theta kupokea orodha ya wenye ploti ili hati zianze kuandaliwa, na Mukonyo alitaka kuona jina lake kwa macho.

"Keti, Shosh," nikamwambia, kama tunavyowaita mabibi. "Ploti ni ngapi?"

"Moja moja nane. Ile ya kando ya barabara. Si ndio nyumba yangu iko, na Kyengo tulimzika hapo mbele."

Nikaandika namba. Kompyuta ikasema ploti 118 ni ya mtu anayeitwa Mwendwa, jina ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwanachama yeyote. Nikalitafuta jina la Mukonyo. Alikuwa 341, kule bondeni ambako mvua ikinyesha watu hupita wakiwa wamevua viatu.

"Imesema nini?" akauliza.

"Network inasumbua, Shosh," nikadanganya. "Enda tu nyumbani. Nitakuletea jibu mwenyewe."

Alipotoka nilifunga mlango, nikafungua kumbukumbu za seva. Rekodi ilibadilishwa tarehe kumi na nne Machi, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Aliyebadilisha ni Administrator. Alikuwa ameketi kwenye seva yenyewe, si kwenye kompyuta ya dawati la mtu, na ufunguo wa chumba cha seva hutundikwa msumarini karibu na chupa ya chai. Nikakimbilia nakala za akiba. Diski yangu huweka siku thelathini, kisha hujifuta ili ipate nafasi. Niliwahi kuomba diski kubwa, nikajibiwa ningoje, nikangoja. Machi ilikuwa imeshapotea. Daftari la karatasi lilikuwa majivu. Cheti cha Kyengo kinaonyesha alikuwa na hisa tu, hakisemi ploti gani, maana ploti ziligawanywa kwa kura baadaye.

Nikaenda kwa mwenyekiti.

"Shiko, si ni wewe ulituambia kompyuta haidanganyi?" akasema Mzee Kaleli, macho kwenye gazeti. "Pengine huyo mama alijenga mahali si yake."

Bwana Githae alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu. "Administrator ni nani? Si hata wewe ni Administrator?"

Mama Selpha alinishika mikono akasema tuombe. Tukaomba. Sikujua kama naomba na mwizi.

Alhamisi Githae akaniletea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba mimi, msimamizi wa mitambo ya kampuni, nathibitisha daftari liko salama na halijawahi kuchezewa. Afisa wa ardhi angeitaka pamoja na orodha.

"Weka sahihi, mrembo," akasema. "Watu wamengoja miaka hamsini."

Sikuweka. Wala sikukataa. Niliitia kwenye mkoba nikasema nitaisoma, na kwa woga huo bado najichukia.

Ijumaa nilipanda boda hadi Theta. Mukonyo alikuwa akipalilia kando ya kaburi. Nikamwambia yote, bahasha tatu, Machi, diski, mpaka ile karatasi iliyokuwa mkobani. Nilitarajia anitukane. Aliegemea jembe tu.

"Lakini hao watu watatu walikuwa hapa," akasema. "Kaleli ndiye alisoma maisha ya marehemu. Githae alibeba jeneza, yeye mbele kabisa. Selpha ndiye alisimamia jikoni. Huyu Muthoka wa hapa jirani, moja moja saba, alichimba kaburi na mikono yake. Walikuwa watu mia tano, mwanangu. Wewe sema tu hiyo yako ya kompyuta. Hii ingine wataniambia wao."

Nilifurahi, kusema kweli. Nikarudi Ruiru nikalala. Niliamini kwamba kosa langu lilikuwa na dawa, na dawa yenyewe ni watu.

Jumamosi tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Afisa wa ardhi alikuwa mama mwembamba mwenye faili ya kijani na saa aliyoitazama mara kwa mara. Githae alipotangaza kwamba msimamizi wa mitambo atasoma uthibitisho wake, nilichukua maikrofoni, nikairarua ile karatasi, nikasema ukweli. Nilisema ploti 118 ilikuwa ya Kyengo na ilibadilishwa. Nilisema paswadi niliigawa mwenyewe, kosa ni langu, na jina la Mwendwa liliingizwa na mtu wa ofisi. Ndipo nikalia.

Afisa hakushtuka. "Unajua nani alibadilisha?"

"Ni mmoja wa hawa watatu."

"Yupi?"

"Sijui. Wote wanatumia akaunti moja."

"Na wewe una hiyo paswadi?"

"Ndio."

"Basi ni mmoja wa wanne," akasema, na watu wakacheka. Alisema kweli.

Akafunga faili, akaongea na uwanja mzima. "Sikilizeni. Siwezi kukataa orodha nzima kwa neno la mtu ambaye yeye mwenyewe anashukiwa. Lakini kama kuna mwanachama anajua hiyo ploti ilikuwa ya marehemu Kyengo, akuje hapa mbele. Aandike jina, aweke kidole. Akikuja hata mmoja pekee, mimi narudi na hii faili, daftari yote ikaguliwe upya. Ploti zote."

"Itachukua muda gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Miaka miwili. Labda mitatu. Siwezi kuwaahidi."

Nilingoja. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba watu watainuka kumi kwa mpigo, na nilikuwa tayari kutafuta kalamu ya pili. Hakuna aliyeinuka. Mzee Kaleli na wenzake waliketi meza kuu wakiwa wamefumbata mikono, hata kumtisha mtu hawakuhitaji.

Mukonyo akasimama. Alianza na safu ya mbele, akiwaita kwa majina bila kelele.

"Mama Kamene, si ulilala kwangu siku nne za matanga?"

Mama Kamene akajifanya anatafuta kitu kwenye kiondo.

"Mwas, si gari lako ndilo lilibeba viti?"

Mwas akageuka upande.

"Muthoka," akasema. "Muthoka, si ni wewe ulichimba?"

Muthoka alikuwa ameketi viti viwili tu kutoka kwangu. Ni mzee mgonjwa wa kifua, na kila mtu Theta anajua anataka hati ili awagawie watoto kabla hajafa. Miaka mitatu hana. Alitazama viatu vyake, akaendelea kuvitazama.

Nilitaka kuwatukana wote. Nilitaka kusimama juu ya kiti niwaambie nyinyi mlikula kwa mama huyu. Lakini wao hawakumpa mtu paswadi. Mimi ndiye niliyewafikisha mahali ambapo kusema kweli kunagharimu shamba.

Basi Mukonyo akainua mkono wake mwenyewe. "Mimi najua ilikuwa yake," akasema. "Niandike mimi."

Afisa akamgeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Wewe ndiwe mlalamishi, mama. Huwezi kuwa shahidi wako mwenyewe."

Mkono haukushuka. Afisa akatazama saa, akafungua faili, akatoa kalamu. Githae akaanza kuita namba za ploti, na watu wakapanga foleni ya kuweka kidole. Ilienda haraka, maana hakuna aliyetaka kuongea na mwenzake. Muthoka alipoitwa alipita upande wa pili wa viti ili asikaribie aliposimama Mukonyo.

"Moja moja nane," Githae akaita. "Mwendwa."

Kutoka nyuma akatokea mwanamume wa makamo mwenye koti safi, mtu nisiyemjua, na kwa nyuso za watu nikaona nao hawamjui. Njia kati ya viti ilikuwa nyembamba, na Mukonyo alikuwa amesimama katikati yake, mkono bado juu. Mgeni akamfikia, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Samahani, mama," akasema. "Naomba nipite."

Mukonyo akampisha.