Moyo wa Gramafoni ya Selpher

Siku ya kugawa vitu vya marehemu Selpher, watu wa boma lile la karibu na Khayega walimaliza sufuria, majembe na ng'ombe mwenye pembe moja kabla jua halijakausha umande. Kilichobaki ni gramafoni. Iliwekwa juu ya kiti katikati ya uwanja, imefunikwa kitambaa cha meza kama bibi harusi, na Mjomba Barnaba akasimama kando yake amevaa koti la mazishi.

Navalayo alikaa mkekani na wanawake, mtoto wake akinyonya. Alikuwa mjukuu kwa upande wa binti. Mama yake alifariki mapema, na Selpher, aliyemwita kukhu kama wajukuu wote wa huko wanavyowaita bibi zao, ndiye aliyemlea. Hakuomba sufuria wala jembe. Tangu wiki ya mazishi alisema anataka gramafoni tu, kwa maana kukhu alimwahidi. Barnaba akamjibu kwamba mwiwa, mtoto wa dada, anaheshimiwa sana kwa wajomba zake na hanyimwi kuku, lakini hajasikia mahali mila ilipotaja mashine.

Alikuwa na sababu yake. Alikuwa amemleta Kiptoo, mfanyabiashara wa Eldoret anayenunua vitu vya kale na kuwauzia watalii. Kiptoo alipokuwa akiondoa kitambaa, Barnaba alimsimulia jinsi baba yake, Mzee Shivachi, alivyoibeba mashine hiyo kichwani kutoka vita vya Burma.

"Haijaguswa na fundi hata siku moja," alisema. "Iko vile ilivyotoka kwa Wazungu."

Kiptoo alifungua kifuniko, akainusa, akainua ile sahani inayozungusha santuri na kuinamia ubao ulio chini yake. Akakwaruza kwa ukucha. Nta ikabanduka, na chini ya nta kukaonekana kigingi kidogo cha mti kilichoziba tundu la zamani. Akakwaruza pengine, akapata kingine. Kisha akatia kidole katika tundu la mpini wa kuzungushia. Tundu la kiwandani, alieleza, huwa duara safi. Hili lilikuwa limepanuliwa kwa chuma cha moto, na kingo zake bado zilikuwa nyeusi. Mkono wa sindano nao ulikuwa na rangi ya manjano ilhali komeo za sanduku ni nyeupe, na pale ulipofungwa palikuwa na alama ya mkono mwingine, mpana zaidi.

"Mzee, hii imechanganywa," alisema. "Sanduku ni la mashine moja, mota na mkono ni vya nyingine. Siwezi kumuuzia mtu hadithi ya vita juu ya mota ambayo haikwenda vitani."

Barnaba aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyevuliwa kofia mbele ya wakwe, ni nani aliyefanya uchafu huo. Mkewe Zipporah alikuwa na jibu tayari. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alikuwa na mikono isiyotulia. Hata saa ya ukutani aliifungua, na tangu siku hiyo inalia inapotaka. Watu wakacheka.

"Kumbe ni mama aliyeharibu kitu cha baba," Barnaba alisema. "Na jana tu tumemwombea."

Wakacheka tena.

Navalayo aliona njia imefunguka mbele yake, pana na laini. Akinyamaza tu, mashine iliyoharibiwa haitatakiwa na mtu, na kabla ya jioni watamtupia kama mfupa. Ataondoka nayo bila ugomvi. Ila ataondoka nayo ikiwa na jina hilo: ile aliyoiharibu Selpher. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akasimama.

"Mjomba, kukhu hakuiharibu. Ilikuwa imekufa."

Akaeleza, mbele ya wazee na wanawali, yale aliyoyajua tangu akiwa na meno ya utoto. Springi iliyoendesha gramafoni ya Mzee Shivachi ilikatika muda mfupi baada ya vita. Akaificha mashine chini ya kitanda, akawa anawaambia wageni kwamba sindano zimeisha. Selpher akafinyanga vyungu, akauza Kakamega mjini, akanunua gramafoni nyingine kwa Mhindi aliyekuwa anafunga duka, ambayo sanduku lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Mumewe alipokwenda kumsalimia dada yake huko Malava, Selpher alihamisha mota na mkono, akachonga vigingi, akaziba matundu kwa nta. Mzee aliporudi aliikuta inaimba. Hakuuliza kitu. Akaanza tu kusema haijawahi kuguswa, naye mkewe akamwachia neno hilo, kwa kuwa vita vilikuwa vimemnyang'anya mengi.

"Aliniambia, sanduku ni la babu yako, moyo ni wangu. Na moyo akanipa mimi."

"Hayo ndiyo mnafundishwanga ngumbaru jioni, kwenye hayo masomo yenu ya watu wazima?" Barnaba aliuliza. "Kwamba wazee ni waongo? Haya. Kama moyo ni wake, utoe uende nao. Sanduku la baba libaki hapa."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kwa sababu kila mtu aliona ni sawa na kumwambia mtu achukue maziwa aache ng'ombe.

Navalayo alimpa Zipporah mtoto, na Zipporah akampokea kabla hajakumbuka yuko upande gani. Akamwomba Kiptoo bisibisi. Kiptoo alisita, akamwonya kwa upole kwamba vikiwa pamoja ni kitu, vikitengana ni vyuma chakavu tu.

"Najua," alisema, lakini alitangulia kuweka santuri. Springi iliyojazwa haifunguliwi, hukata vidole. Sharti iimbe mpaka ichoke.

Gitaa likatoka, kisha sauti ya mwanamume akimlalamikia msichana wa Mumias aliyekataa posa yake. Vicheko vikakauka. Miguu ya wazee wawili ilianza kutikisika, na Barnaba akatazama chini. Hakuna aliyekwenda kuzungusha mpini. Sauti ikazidi kuwa nzito, ikajikokota kama ya mlevi, ikanyamaza.

Ndipo akafungua skrubu, moja baada ya nyingine. Akatoa mota, sahani, mkono na mpini, akavifunga kwa shuka ya mtoto.

"Vigingi alivichonga yeye pia," alisema, "lakini nawaachia, mtu asije akasema nimewaachia sanduku lenye matundu."

Kiptoo alilifunga sanduku taratibu, akaaga. Zipporah alisema si neno, watawekea mayai. Mumewe hakucheka.

Katika chumba chake cha kupanga, mjini, Navalayo alipata mlango wa kabati bovu, akautoboa, akafunga mota juu yake. Ilikuwa na sura ya mbuzi aliyechunwa. Ikaimba, na mtoto akalala.

Mvua zilikuwa zimeanza Barnaba alipobisha hodi, amebeba sanduku ndani ya gunia. Kiptoo, alisema, angeweza kuichukua kama ingerudishwa kuwa moja na watu wasizidishe maneno. Wangegawana. Damu ni damu.

Navalayo alimpa chai, akamwambia yuko tayari kuirudisha sasa hivi, na hataki sehemu yake.

"Jambo moja tu, khotsa, mjomba wangu. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, useme aliyeitengeneza ni mama yako."

Barnaba alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Baba alikuwa askari," alisema mwishowe. "Watamcheka, naye hayupo."

"Kukhu naye hakuwepo. Walimcheka, na wewe ndiye uliyewaanzishia."

Barnaba alikunywa chai yote, pole pole, kama mtu anayesubiri mwenzake abadili bei. Bei haikubadilika. Akanyanyua gunia lake, na alipofika mlangoni akautazama ule ubao na vyuma vyake vya wazi, akasema hajawahi kuona kitu kibaya namna ile.

"Ni kibaya kweli, mjomba," Navalayo alikubali, huku akizungusha mpini.

Kisha akafungua dirisha lote, Barnaba asije akakosa hata neno moja mpaka afike barabarani.