Kompyuta Mbili na Vifungo Sita

Wanangu wawili wamesoma, na mimi ndiye niliyewasomesha, kwa hiyo nikiwasema leo nina haki yangu kamili. Mkubwa anasimamia kompyuta za ofisi moja kubwa, na mtaani wanamwita Injinia, jina alilolipokea bila kujivunga. Mdogo anafundisha kompyuta chuoni, na kwa kuwa hachoki kuhubiri habari za programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha, kaka yake alimbandika jina la Huria. Tangu ndevu hazijawaota hawajawahi kukubaliana ni mfumo gani wa kuendeshea kompyuta ulio bora. Chakula kimepoa mezani kwangu mara ngapi wakibishania hilo, na mimi sikuwahi kujali. Nilianza kujali siku walipouleta ubishi wao kwenye dole gumba la baba yao.

Baba yao ni fundi saa. Nasema ni, sisemi alikuwa, na anayetaka kunisahihisha aje. Miaka thelathini na sita amekaa kwenye kibanda chake cha vioo chenye upana wa mlango mmoja, lenzi jichoni, kibano mkononi, akifungua vitu ambavyo mtu mwingine hata kuviona hawezi. Na alikuwa na desturi yake. Mteja akija kumuuliza achukue saa hii au ile, hakumjibu kwa mdomo. Alifungua daftari, akachora jedwali, safu moja kwa kila saa, na mistari yake: mashine, kioo, mkanda, maji, vipuri. Mstari wa mwisho ulikuwa uleule siku zote: Nani ataivaa. Hapo ndipo alipomhoji mteja mpaka wengine wakadhani wanapelelezwa. Huyo mvaaji anaosha vyombo? Macho yake yakoje? Ni mtu wa kukumbuka kutia ufunguo kila asubuhi? Mara nyingi mstari huo mmoja ndio ulioamua, na saa iliyoshinda mistari mingine yote ikarudishwa kwenye kasha lake. Wanangu walikulia chini ya meza ile. Jedwali walilijua kabla hawajajua kuandika majina yao.

Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, maneno yakarudi nusu, mkono ukagoma. Dada wa mazoezi ya viungo pale kliniki alituambia tulishughulikie dole gumba kwanza, likiamka hilo na vidole vingine vitafuata. Akatupa mpira laini wa kuminya. Mume wangu aliuminya siku mbili. Siku ya tatu niliukuta nyuma ya kochi, na nilipomuuliza aligeuza uso. Yeye si wa kupewa mpira.

Sasa, kitinda mimba wetu alipoolewa aliacha kabatini mashine yake ya gemu, ya zamani, ile inayochomekwa kwenye televisheni, yenye kishikio cha kushikwa kwa mikono miwili na kijiti kidogo kwa kila dole gumba. Nilikuwa nafagia nikaitoa niitupe. Mzee akaninyooshea mkono wa kushoto, kwamba niiache. Nikaichomeka, nikamwekea mbio za magari. Siku ya kwanza gari lake lilizunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Siku ya nne likanyooka. Wiki ya pili alinigeukia akaniambia, kwa yale maneno yake ya nusunusu, kwamba saa iliyo kwenye kona ya mchezo inachelewa. Alikuwa ameipima kwa saa yake ya mkononi, mzunguko baada ya mzunguko. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, kisha nikalia kidogo, maana huyo ndiye mume wangu niliyemjua.

Mimi nilikuwa karani wa masjala miaka ishirini na nane, na jambo lisiloandikwa silipendi. Kila asubuhi Mzee aliketi kitandani na shati lake, nami nikahesabu vifungo alivyovifunga mwenyewe kwa mkono wa kulia, nikaandika idadi kwenye kalenda ya ukutani sebuleni. Shati lina vifungo saba, na cha shingoni hakukifunga hata alipokuwa mzima. Mwanzoni kalenda ni sifuri tupu. Halafu moja. Halafu mbili, siku mbaya moja tena. Baada ya miezi miwili ya magari ikawa sita, sita, sita. Akaanza kuniuliza kibano chake nimekiweka wapi. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani, kukaa tena mbele ya saa iliyo wazi.

Ndipo watoto wakaja.

Walimkuta katikati ya mbio. Injinia alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, akaitazama televisheni, kisha akanitazama mimi kana kwamba nimempa baba yake chupa ya maziwa anyonye. Hakupandisha sauti, huyu hapandishi sauti. Alisema tu kwamba watu wakimwona Mzee hivi watadhani na akili imeondoka. Huria, ambaye hajawahi kukubaliana na kaka yake hata kama mvua inanyesha au hainyeshi, siku hiyo alikubaliana naye. Baba apate kompyuta, walisema. Asome magazeti, aandike barua, aangalie video za saa za kale. Gemu ni za watoto. Na Injinia akaizungushia mashine nyaya zake, akaibeba, awapelekee wanawe.

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Jirani alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama tuna mgeni mtoto, maana anasikia magari, nikaona aibu, na aibu ile ikanifunga mdomo. Mume wangu aliitazama mashine ikitoka mlangoni. Akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta vikombe.

Jumamosi iliyofuata zikaja kompyuta, na kwa kuwa mabwana wale wasingeweza kukubaliana, hazikuja moja, zilikuja mbili. Ya Injinia ilikuwa na mfumo unaotumika ofisini kwake, ya Huria ina mfumo wake wa huria. Zikapangwa mezani bega kwa bega, Mzee azijaribu wiki mbili, halafu itakayoshinda ibaki. Na ukutani wakabandika karatasi kubwa yenye jedwali, nzuri kabisa, imepigwa mistari kwa rula. Safu mbili. Kasi, kumbukumbu, usalama, programu, urahisi wa kusasisha, kila kimoja alama kumi. Waliibandika juu ya kalenda yangu. Juu yake hasa, hata msumari wakatumia uleule. Kila asubuhi ilinibidi niifunue karatasi yao kama shuka ili niandike idadi ya vifungo.

Kompyuta ya Injinia ilidai neno la siri kila inapoamka, lenye herufi kubwa, namba na alama ya ajabuajabu. Mzee alibofya herufi moja moja, akikosea mara tatu inamfungia nje. Ikimkubali, inaanza kujisasisha na kutuonya tusiizime. Kuna asubuhi mume wangu alikaa dakika arobaini akitazama kiduara kinazunguka. Ya Huria haikuwa na maneno mengi, ila sauti haikutoka, na Huria akaniongoza kwa simu niandike amri fulani ndefu. Nikaiandika neno kwa neno. Skrini ikawa nyeusi tii.

Hayo yote ningeyasamehe. Kipanya ndicho sisamehe. Mzee alipojaribu kukisukuma kwa mkono wa kulia kikamponyoka, na Injinia, kwa huruma zake, akakihamishia kushoto. Akaingia kwenye mipangilio akageuza na vitufe vyake viendane na mkono wa kushoto. Huria naye akafanya vivyo hivyo kwenye ya kwake, haraka, asije akapitwa. Wakapongezana. Tangu siku hiyo mkono wa kulia wa fundi saa ukalala mapajani kutwa nzima, hauna kazi, na mimi chini ya karatasi yao nikaandika tano. Nne. Nne. Tatu.

Nilimpigia Injinia nikamwambia baba yake anarudi nyuma. Akasema kompyuta ni nzito kidogo, atakuja kuongeza kumbukumbu. Nilimpigia Huria. Akasema yeye alijua tangu mwanzo, tatizo ni ile ya kaka yake. Nikaikata simu kabla sijasema la kusema.

Wiki mbili zilipotimia, siku ya Jumapili, wakaja kutoa hukumu. Asubuhi hiyo Mzee alikuwa amefunga vifungo vitatu, akasema neno moja, "Basi," akainua kidevu nimmalizie. Nikammalizia vitatu vilivyobaki.

Walikaa mbele ya baba yao kama mawakili. Injinia alikuwa na alama arobaini na moja, Huria arobaini, na ubishi ulikuwa kwamba usalama wa Huria ni tisa au nane. Walitajiana virusi, walitajiana prosesa, mmoja akasema mfumo wa mwenzake ni wa watu wasio na kazi, mwingine akajibu kwamba wake ni wa watu wasio na akili. Katikati yao alikaa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Nilivumilia mpaka Huria alipomwambia baba yake asogee kidogo, anamziba asione skrini.

Hapo nikasimama. Nikalibandua jedwali lao, msumari ukatoka nalo, na kalenda ikaanguka. Nikaiokota nikaiweka juu ya kibodi ya Injinia.

"Someni hapa," nikawaambia. "Anzieni siku mliyoingia na viatu mkononi."

Injinia akapitisha kidole. "Mama, hizi namba ni za nini?"

"Ni vifungo vya shati anavyofunga baba yenu kwa mkono wake. Sita ni za gemu. Tatu ni zenu ninyi."

Sikuwapa nafasi ya kujibu. Niliwaambia kwamba nina hasira, walisikie neno lenyewe, wasiseme Mama amechoka au Mama ana presha. Nina hasira na wao, na nina hasira na mimi niliyewaachia wabebe mashine ile kwa kuogopa jirani. Kisha nikaenda kwenye sanduku la kazi la Mzee nikatoa daftari lake, nikamfungulia Huria ukurasa wowote, nikamwambia mwalimu asome. Akasoma kwa sauti ya darasani. Mashine. Kioo. Mkanda. Maji. Vipuri. Alipofika chini sauti ikapungua.

"Nani ataivaa," akasoma.

"Kwenye lenu uko wapi mstari huo?"

Injinia alilitazama jedwali lililokuwa mkononi mwangu, lote, mpaka pembeni, kama mtu anayetafuta ufunguo alioujua ulipo. "Tulidhani inaeleweka, Mama," akasema taratibu. "Ni ya Baba."

Mzee akagonga meza kwa mkono wa kushoto. Akaonyesha karatasi. Nikamtandazia mbele yake, nikasogeza kompyuta zote mbili pembeni. Akachukua penseli kwa kushoto, akaipachika kwenye mkono wa kulia, kati ya dole gumba na kidole cha pili, akaibana. Ikaanguka. Huria akaruka kuiokota.

"Acha," nikamwambia, na akaacha.

Aliiokota mwenyewe. Ikaanguka tena, akaiokota tena. Kando ya safu zao mbili alivuta mstari wa kushuka, wa tatu, ulioyumba kama njia ya mlevi, na juu yake akaandika gemu. Chini kabisa, chini ya urahisi wa kusasisha, kwenye safu ya Injinia akaandika wewe. Kwenye ya Huria, wewe. Akapumzika. Jasho lilikuwa limemtoka puani. Kisha kwenye safu yake mwenyewe akaandika herufi nne ambazo chai yetu yote ilipoa tukizisubiri: mimi.

Injinia aliondoka bila kuaga. Alirudi kabla ya saa kumi, mashine kwapani, imejaa vibandiko vya katuni vya wanawe, macho mekundu. Alitaka kuichomeka. Nikamwambia aiweke tu chini, mwenyewe atachomeka. Ilimchukua Mzee robo saa kuingiza ile plagi, na vijana wangu walisimama wima muda wote huo, mikono nyuma. Jioni hiyo wakabeba kompyuta zao, kila mmoja ya kwake.

Kesho yake niliandika tatu. Keshokutwa tatu. Siku ya sita nikaandika nne, na kibano nimekiweka mezani kando ya kishikio cha gemu, hajakigusa bado, anakitazama. Zile wiki mbili hakuna atakayemrudishia, na hilo nitawaambia wanangu kila watakaponisalimu. Kalenda nimeigongea msumari mpya. Jedwali lao sikulitupa, nimelibandika kando yake, na wakija huwa nawakaribisha kwenye kochi linalolitazama. Kochi hilo nimelihamisha mwenyewe, makusudi.