Uzi Usio na Fundo

Binti alipiga simu asubuhi na kusema kwa pumzi moja kwamba kesho wanafika, yeye na mtoto. Bibi Sindano akabaki ameshika simu iliyokwisha kukatika. Mjukuu wa kike wa miaka saba, aliyezaliwa ng'ambo, anayemjua kwa picha tu! Tena hajui lugha ila Kihispania cha baba yake.

"Neno la kwanza atakalolisoma kwangu liwe la kwao," akaapa. "Asijione kapotea."

Kazi yake ilikuwa kudarizi. Watoto wake kila mmoja alikuwa na taulo lenye jina lake, uzi umepigwa fundo la kufa na kuzikana. Wageni nao walidariziwa "Mgeni Wetu" kwa uzi mpya, lakini bila fundo. Mgeni akiaga, bibi huvuta ncha, maneno yakafumuka yote, taulo likamngoja mwingine.

Akamwita jirani yake, Kapteni, aliyezunguka bandari za dunia miaka ishirini akimenya viazi melini.

"Kapteni, mgeni kwa Kihispania anaitwaje?"

"Mgeni yupi?"

"Ala! Mgeni si mgeni?"

"Kwao wako wa kila namna, jirani yangu. Visitante ni wa kupita, kama mtazamaji wa makumbusho. Visita huyo amekuja kunywa chai, akimaliza anakwenda zake. Invitada umemwalika kwenye shughuli. Sasa anayelala kwako, unayemtandikia kitanda, huyo ni huésped."

"Huyo huyo! Niandikie. Na ukikosea herufi, nitakudarizi wewe."

Alidarizi mchana kutwa kwa uzi wa buluu, hata kile kialama cha juu ya e akakikazia macho kama anatoa mwiba.

Kesho yake Kapteni alikuja kujitia mkalimani. Binti akaingia na kipochi tu mkononi. Nyuma yake mtoto akiburuta sanduku kubwa kuliko yeye. Bibi aliona, asitake kuona. Akamkumbatia mjukuu, akamkunjulia taulo.

Mtoto akasoma polepole kwa kidole. Akageuka kumtazama mama yake, akauliza kitu kwa sauti ndogo. Binti akainamia sakafu.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

Utani ulikuwa umemtoka Kapteni. "Anasema mama alimwambia anakuja kukaa kwa bibi, hapa ndipo kwao sasa. Mbona ameandikwa mgeni?"

Bibi akakaa kitini bila kutazama kama kiti kipo.

"Kukaa? Kukaa, wewe mtoto?" akamuuliza binti.

"Baba yake ametuacha, mama. Kazi niliyopata nalala hukohuko kwa tajiri. Kila nikipiga simu nataka kukwambia, ulimi unaganda."

"Umenifungia mtu kwenye sanduku ukaniletea nifungue mwenyewe!"

Binti akalia. Mtoto alikuwa amelikunja taulo vizuri, akamrudishia bibi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

Hapo ndipo bibi aliposhtuka kuliko alivyoshtushwa na yote. Akaishika ncha ya uzi, akavuta. Herufi zikakimbia moja moja, mtoto akatumbua macho.

"Kapteni, muulize nyumbani wanamwitaje. Jina la kudekezwa."

Kapteni akauliza. Mtoto akanong'ona.

"Pulga," Kapteni akasema. "Yaani kiroboto."

"Kiroboto!" Bibi akacheka huku machozi yakimtiririka. "Na mimi nahangaika na maneno ya wageni! Kiroboto nani amewahi kumkaribisha? Akishaingia nguoni, hapo ndipo kwao."

Akatunga uzi mwekundu. Mtoto akasogea, akaegemea goti lake, akatazama kila mshono. Kwenye ile a ya mwisho bibi akageuza kitambaa, akapiga fundo, akaongeza la pili, kisha akamsogezea mtoto ncha mbili ili la tatu alikaze mwenyewe.