Ahadi ya Kabula

Mafunzo ya mahakimu yalifanyika katika ukumbi wa hoteli moja mjini Tabora, na kwa upande wa chai hakuna aliyekuwa na la kulalamikia. Maandazi yalikuja ya moto, asali ilikuwa ya porini kwelikweli, na mwezeshaji, Jaji mstaafu Nikolaus, alikuwa mtu wa mzaha. Waheshimiwa walicheka. Waheshimiwa hucheka sana wanapokuwa hawana mshtakiwa mbele yao.

Hakimu Advera alikaa safu ya pili, kalamu mkononi, na hakusikia ladha ya kitu chochote. Alikuwa hivyo tangu aliposoma kwamba hukumu yake imetenguliwa. Alikula, alisikiliza mashauri, aliitikia salamu, mwili ukawa unakwenda kazini wenyewe. Mumewe kule Bukoba alipompigia kumuuliza kama anaumwa, alijibu hapana, wala hakudanganya. Kuumwa kungekuwa na maumivu.

"Leo tuna ushahidi wa mtoto mdogo," alisema Jaji Nikolaus. Akabonyeza kitufe, na ukutani kikatokea kipande cha hukumu. Majina yalikuwa yamefunikwa, lakini mtu huzitambua sentensi zake. Zilikuwa za Advera, ndefu, na "aidha" zake zote.

Mwanamume mmoja wa Choma alimkata mkewe mkono kwa panga. Mke mwenyewe, kwa kumwogopa, aliiambia mahakama kuwa aliangukia jembe. Aliyeona na akathubutu kusema ni binti wa yule mama, Kabula, mtoto wa miaka tisa. Alieleza yote bila kukwama, na Advera akamfunga yule bwana miaka saba. Mahakama ya juu ikamtoa.

"Nani ameliona kosa?" aliuliza Jaji.

Mikono ikanyanyuka. Aliyepewa nafasi ni Hakimu Mfaume, aliyekaa ubavuni mwa Advera.

"Mheshimiwa, mtoto hakuulizwa kama anaahidi kusema kweli. Kwa umri ule si lazima aapishwe, lakini asipoapa ni lazima aahidi kwanza, na ahadi yake iandikwe. Hapa haimo."

"Na isipokuwemo?"

"Ushahidi wake wote unafutwa."

"Basi tuseme huyu mwenzetu siku hiyo alisinzia," alisema Jaji, na ukumbi ukaangua kicheko. Advera naye alicheka. Alijisikia akicheka, na sauti ilitoka sawasawa na za wenzake.

Hakuwa amesinzia. Binti wa Kisukuma hupiga magoti anapomwamkia mtu mzima, na hakuna aliyekuwa amemwambia Kabula kwamba mahakamani mambo ni mengine. Alipoingizwa kizimbani alipiga magoti, akazama mzima nyuma ya mbao, ikabaki sauti tu: "Shikamoo, mama." Chumba kizima kilicheka kwa huruma, hata mwendesha mashtaka. Hakimu haamkiwi hivyo akiwa kitini, lakini Advera ana mabinti. Aliitikia marahaba, akamwambia inuka mwanangu, akaagiza aletewe kiti, akamuuliza yuko darasa la ngapi. Alipoona ametulia akamwambia haya, tueleze. Wema ule ndio uliokalia nafasi ya swali. Laiti angekuwa mkali siku ile, angekumbuka.

Walipotoka kwa chai, Advera alijitenga uani akampigia Dionis, afisa ustawi wa jamii aliyekuwa akimleta Kabula mahakamani. Namba alikuwa nayo siku zote. Hadi siku hiyo hakuwa ameipiga, kwa kuogopa jibu, na sasa alilikubali hilo bila hata kuona haya.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Dionis, yule mtoto wa Choma yuko wapi?"

"Yule bwana alirudi nyumbani, mheshimiwa, na mama mtu akampokea. Kabula tukamhamishia Igalula, kwa mama yake mkubwa, Marcelina. Hajaguswa. Ila..."

"Ila nini?"

"Haamkii mtu. Tangu bwana yule atoke, mtoto hamwamkii mtu mzima yeyote. Mama yake mkubwa amechapa, amebembeleza, wapi! Mgeni akija anamtazama tu."

Siku ya mwisho Advera alipokea cheti chake, akapigwa picha na wenzake, kisha akamwomba dereva ampeleke Igalula. Alijua fika kwamba hakimu hatembelei shahidi. Lakini kesi ilikuwa imekwisha, na mtoto alikuwepo bado. Gari lilishika upande uleule walikotokea wapagazi wa misafara zamani, reli ikionekana na kupotea, na yeye alitazama nje asione kitu cha kukumbuka.

Marcelina alimpokea kwa magoti yote mawili. Kabula alikuwa mkekani akimenya karanga. Alimtazama mgeni, akamtambua, akaendelea kumenya.

"Kabula! Huoni mgeni? Amkia!"

"Mwache, mama," alisema Advera. Akavua viatu, akaketi mkekani, akachota karanga na kuanza kumenya naye. Marcelina alisimama pale kidogo, akaona aende zake kuchochea moto.

"Amerudi," alisema Kabula bila kuinua uso.

"Najua."

"Ulisema miaka saba."

"Nilisema. Wakubwa wangu wakaifuta, na kosa lilikuwa langu. Kuna kitu nilitakiwa kukuuliza kabla hujaanza kueleza, nikasahau."

"Kitu gani?"

Advera alizitazama karanga zilizokuwa kiganjani mwake. Kule ukumbini walilirudia swali hilo kwa zamu, mmoja akijifanya mtoto na mwingine hakimu, mpaka likawa linatoka lenyewe. Hapa lilimkwama.

"Kama unaahidi kusema kweli," alisema mwishowe.

Mtoto akaacha kumenya. Akamtazama usoni, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa jambo la watu wazima.

"Kwani wewe ulidhani nimekuja kusema nini?"

Advera alifungua kinywa amjibu, na hapo ndipo maumivu yalipoanza.