Tembleque ya Kila Jumanne

Jumanne, saa tano na dakika arobaini asubuhi, Eneida Vélez aliketi kwenye meza ya kumi na nne, akapakata pochi yake na kuagiza kitindamlo. Chakula hakukitaka. Wali na maharage alikwisha kula kwake Kissimmee kabla ya kupanda mabasi mawili kuja kwenye bustani hii ya burudani, na mtu mwenye akili zake hali mara mbili ili kuwafurahisha wakubwa wa mkahawa.

"Keki ya volkano tena, mama?" aliuliza Yaritza, mhudumu.

"Hiyo hiyo, mwanangu. Kwani mna nyingine?"

Mkahawa ulikuwa ndani ya volkano ya saruji iliyolipuka kila nusu saa, na wageni wakishangilia. Humo Eneida alipika vitindamlo miaka ishirini na sita. Kisha keki zikaanza kuletwa na lori, zimeganda kama tofali, kazi yake ikafutwa, na kwa shukrani akapewa kadi ya kuingia bure maisha yake yote. Kuingia tu, kula ajilipie. Hata hivyo aliipenda ile kadi. Jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa, hata kile kialama juu ya herufi hawakukisahau.

Saa sita kasoro dakika kumi, keki zote mkahawani zikawa tembleque, kile kitindamlo laini cha nazi cha kwao. Zikawa nyeupe, zikanukia tui la nazi na mdalasini, zikaanza kutetemeka juu ya sahani kama zile alizokuwa akizipika Eneida kwa kipimo cha marehemu mama yake. Ilikuwa hivyo kila Jumanne. Bwana mmoja mzee wa Ohio, kwenye meza ya jirani, aliuliza kama ina ngano. Yaritza akamwambia haina. Akala.

Keki moja tu haikubadilika, nayo ni ile iliyokuwa mbele ya Eneida. Na nyumbani, tangu aachishwe kazi, kila alipoipika tembleque ilikataa kuganda.

Ndipo akaja meneja mpya, Bwana Hutchins, mkononi ana karatasi.

"Samahani, mama. Kuanzia leo anayekalia meza lazima aagize chakula. Hatuwezi kujaza meza watu wa utamu tupu."

"Ukimwondoa, zinarudi kuwa tofali," alisema Yaritza. "Aliyekutangulia alimwondoa. Wageni sitini walirudisha sahani."

Hutchins hakuwa mtu mbaya. Alichukua kijiko, akaonja tembleque iliyokuwa kwenye sinia la Yaritza, akaonja tena. Kisha akaikunja karatasi yake na kusema kwamba meza ya kumi na nne ni ya mama huyu kila Jumanne, aagize chakula asiagize.

Eneida akainua uso. Kwa miaka miwili alikuwa akimsubiri meneja atakayeonja.

"Basi nirudishe jikoni, mwanangu. Mikono bado ninayo."

"Kazi hiyo haipo tena, mama," alisema Hutchins kwa upole. "Na ya nini kujichosha? Ukikaa tu, inatosha."

Upole wake ndio uliouma. Hata hivyo Eneida alimshukuru, tena kwa dhati, kwa sababu meza ilikuwa karibu na mlango wa jikoni na kutoka pale alisikia sufuria zikigongana. Akaanza kula keki yake, baridi katikati.

Bwana wa Ohio akamsogezea sahani.

"Hebu onja yangu, mama. Hiyo yako naona imekushinda."

Eneida alichota kwa kijiko. Haikurudi kuwa keki. Ilitetemeka hadi mdomoni mwake, nazi, mdalasini, na chembe ya chumvi ambayo mama yake alimkataza kumwambia mtu. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu siku ile ya kufukuzwa.

Volkano ikalipuka. Watu wote wakageuka, wakashangaa, wakapiga makofi.

"Nani kaipika hii?" aliuliza bwana wa Ohio, kelele zilipotulia.

"Mimi."

"Wakutunze basi!"

"Wamenitunza," alisema Eneida, akamwonyesha kadi. Kisha akafungua pochi, akalipia keki ya volkano.