Mwendo wa Mstari

Miguu yangu haina tatizo. Nilimwambia hivyo yule dada wa mazoezi hospitalini, akaandika kitu bila kuniangalia.

"Utatembea dakika sita, kutoka koni hii mpaka ile na kurudi. Mwendo wako mwenyewe."

Mwendo wangu? Miaka ishirini na mbili nabeba saruji kutoka ghalani hadi kwenye lori. Tunabeba kwa mstari, watu wanane, mfuko begani. Akisimama mmoja, wote wa nyuma wanasimama na mzigo. Kwa hiyo nilikwenda mwendo wa mstari. Nilitaka cheti cha kurudi kazini, si huruma.

Dakika ya tatu nikashika ukuta. Kifua kimejaa kama puto, na bado natafuta hewa.

"Unatafuta nini? Imejaa tele humo," alisema. "Mapafu yako yanatoa pumzi polepole. Ukiharakisha, unavuta nyingine kabla ya ile kutoka. Inarundikana."

"Kumbe ghala."

"Lenye mlango mbovu. Toa kwanza. Kaza midomo kama unapuliza chai."

Nikapumzika nusu saa, nikarudia kwa mwendo wa bibi harusi. Nikamaliza dakika zote sita.

Cheti kikasema: afanye kazi kwa mwendo wake, apumzike anapochoka.

Nyapara wetu ndiye mume wa dada yangu. Alikisoma mara mbili.

"Shemeji, nikutengenezee mstari wa peke yako?"

"Acha nijaribu."

"Babu kafufuka!" wenzangu walipiga kelele. Nikatwikwa, nikaingia wa tatu, nikapuliza.

"Mzee, chai gani hiyo ya moto hivyo?" alicheka aliye nyuma yangu.

Hatua kumi, safi. Ya ishirini, kifua kikaanza kujaa. Nikapunguza mwendo. Nyuma yangu viatu vikagongana.

"Tembea, kaka! Bega linaungua!"

Ningefika. Naapa ningefika, kama wangenipa dakika mbili tu. Miguu haikutetemeka hata kidogo. Lakini hizo dakika ningezichukua kwenye mabega ya watu watano.

Nikatoka pembeni, nikashusha mfuko. Wakapita mmoja mmoja, hakuna aliyenitazama. Nilipuliza mpaka kifua kikashuka.

"Nitwike," nilimwambia shemeji.

"Acha ubishi."

"Nitwike, bwana! Mstari si umeshapita?"

Akanitwika. Nilifika kwenye lori. Wenzangu walikuwa wameshaanza mzunguko wa pili.